Upande wa Pili wa Barabara ya Bellamy

Kila Ijumaa ya Kwaresima, Odessa Rayford hupika tambi za kanisa zima. Katika mitaa ya kaskazini ya mji ule wa Missouri, samaki wa kukaanga haliwi bila tambi za mchuzi mwekundu. Ukimpa mtu samaki mtupu atakuuliza mmegombana lini.

Mwaka huu Odessa alipika ameketi. Wakati wa baridi aliteleza kwenye barafu mbele ya jengo lao, nyonga ikavunjika. Sasa alitembea kwa fremu ya chuma, na sufuria zake zilibebwa na mwanawe, Cortez. Cortez alikuwa na miaka thelathini na minane. Alikuwa mkubwa kama mlango, na kazi yake ilikuwa kupakia mizigo ghalani.

"Chumvi," alisema Odessa.

"Nimeshaweka, Mama."

"Umeweka ya hospitali. Weka ya watu."

Cortez alicheka, akaongeza. Alimpikia mama yake, alimwogesha miguu, alimshika mkono akiingia bafuni. Usiku alilala kwenye kochi lililokuwa fupi kuliko yeye. Hapo kwenye kochi ndipo shida ilipokuwa.

Jengo lile lilikuwa la serikali, la wazee wa kipato kidogo. Mgeni aliruhusiwa kulala siku chache tu. Meneja, mama mmoja mpole lakini anayefuata sheria, alikuwa amewaonya mara mbili. Kwa upande mwingine, daktari alikuwa amesema Odessa asiishi peke yake tena. Asipopata mtu wa kukaa naye, mwisho wa Aprili angehamia nyumba ya kutunzia wazee.

Odessa alikuwa amepelekwa kuiona nyumba hiyo. Vitanda vilikuwa safi, wauguzi walikuwa na adabu. Kisha akaonjeshwa supu. Mwanamke aliyepika katika jiko la shule miaka thelathini alirudi kwake akajifungia chumbani akalia.

Dawa ilikuwa moja: Cortez aandikishwe kuwa mkazi, mtunzaji wa mama yake. Aliomba. Ofisi ya nyumba ilichunguza jina lake, ikakataa. Sababu ilikuwa kesi ya zamani ya dawa za kulevya.

"Bangi," alisema Cortez. Alitaka kucheka, lakini uso wake ulikataa. "Mama, bangi inauzwa pale kwenye kona. Wana hadi taa za rangi dirishani."

Ni kweli iliuzwa. Miaka michache iliyopita wapiga kura wa Missouri walikubali bangi iwe halali kwa watu wazima. Cortez alipiga kura ya ndiyo. Odessa alipiga kura ya hapana. Alikuwa na sababu. Kaka yake, Leotis, aliharibiwa na kokeini, na Odessa hakutaka kusikia sheria yoyote inayolegeza kamba. Jambo hilo lilikuwa utani wa nyumba yao. Wakipita mbele ya duka lile, Cortez alimwambia mama yake asiangalie upande huo, asije akapata dhambi.

Lakini kesi yenyewe haikuwa utani. Miaka kumi na mmoja nyuma, Cortez alikamatwa usiku kwenye Barabara ya Bellamy. Mfukoni alikuwa na vifuko viwili vidogo vya bangi. Kimoja chake, kimoja cha rafiki yake Deon, kwa kuwa walikuwa wamenunua pamoja. Polisi waliona vifuko viwili wakasema huyu anauza. Kosa dogo likawa kosa kubwa.

Akawekwa rumande. Dhamana ilikuwa kubwa, na mama yake hakuwa nayo. Wakili aliyepewa na serikali alikuwa na kesi nyingi, akamweleza jambo lile ambalo maelfu ya watu huelezwa. Ukikiri kosa, unatoka leo kwa kifungo cha nje. Ukikataa, unangoja humu ndani hadi kesi isikilizwe, na haijulikani ni lini.

Cortez alimpigia mama yake simu. Odessa alikumbuka simu hiyo vizuri, alikuwa amesimama kando ya jokofu.

"Kubali, mwanangu," alimwambia. "Kubali uje nyumbani."

Haraka haraka haina baraka, ndivyo tusemavyo. Lakini mama mwenye mtoto rumande hana nafasi ya kukumbuka methali. Cortez akakiri, akatoka siku ileile. Hakuna aliyewaambia kwamba kukiri kule kungemfuata kila mahali. Aliomba kazi ya kuendesha basi la shule, akakataliwa. Alitafuta chumba cha kupanga, akakataliwa. Na sasa alikuwa akikataliwa mlangoni kwa mama yake mwenyewe.

Odessa alisema ofisi imekosea. Msusi wake, anayejua habari zote za mtaa, alimhakikishia zamani kwamba baada ya miaka saba rekodi hujifuta. Cortez naye aliamini kwamba bangi ilipohalalishwa, kesi zote za bangi zilikufa siku hiyohiyo. Basi kila mmoja alikuwa na uhakika wake, na wote wawili walikosea.

Cortez aliomba ruhusa kazini akaenda mahakama ya mji. Karani alitafuta jina lake, akatafuta tena, akamwambia hakuna kesi ya jina hilo. Cortez alirudi amebeba keki nzima ya siagi, ile nzito inayonata vidoleni. Mkono wa pili alibeba sanduku la nguo zake.

"Wameshafuta," alimwambia mama yake. "Mimi ni msafi kama sabuni."

Walikula keki kabla ya chakula. Odessa alitoa nguo zake kwenye droo mbili za kabati ili mwanawe apate nafasi. Kwa siku kadhaa aliacha kuwaza ile supu.

Kisha meneja akapanda ghorofani mwenyewe. Alikataa kukaa. Alisema ofisi imechunguza mara ya pili na kesi bado ipo, tena ni ya kosa kubwa. Alisema anasikitika. Alisema pia kwamba Cortez asionekane analala hapo tena, kwa sababu safari nyingine atakayepoteza nyumba ni mama.

Cortez alizitoa nguo zake droo moja, kisha ya pili, akazipanga kwenye sanduku polepole. Odessa alimtazama akiwa ameshika fremu yake. Aliona aibu, na hakujua amwonee aibu nani.

Ijumaa iliyofuata walikwenda kwenye karamu ya samaki ya kanisa kama kawaida, maana tambi hazijipiki. Ukumbi wa chini ulinuka mafuta ya moto. Watu walipanga foleni hadi ngazini. Pembeni, karibu na meza ya keki, aliketi Renita Gilchrist. Alikuwa mtoto wa jirani yao wa zamani. Odessa alimlisha shuleni tangu hajui kushika uma. Sasa alikuwa wakili katika ofisi inayosaidia watu bure, na kila Ijumaa ya Kwaresima alifungua meza yake pale pale penye samaki.

"Watu hawaji ofisini kwangu," aliwahi kusema. "Lakini kwenye samaki wanakuja wenyewe."

Odessa alimpelekea sahani, akaketi mbele yake, akamweleza yote. Cortez alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, mikono mifukoni.

Renita alisikiliza huku akitoa miiba. Alipomaliza aliuliza swali moja.

"Cortez, usiku ule ulikamatiwa upande gani wa Bellamy?"

"Upande gani?" Cortez alikunja uso. "Upande wa mkahawa wa Wachina. Nilivuka kwenda kununua mkate wenye chapati ya mayai."

"Upande wa Wachina ni Pelham Hills," alisema Renita. "Pelham Hills si mjini. Ni kaunti. Polisi wao, mahakama yao."

Odessa aliishi pale maisha yake yote. Alijua kwamba Barabara ya Bellamy ndiyo mpaka, njia ya waenda kwa miguu ya huku ni ya mji na ya kule ni ya kaunti. Kila mtu alijua. Lakini mtu akivuka kununua chakula hahesabu kwamba amebadilisha serikali. Hata siku ile ya mahakama, Cortez alikuwa amemwona hakimu katika jengo kubwa lenye nguzo, na majengo yote yenye nguzo hufanana.

"Kwa hiyo karani wa mji hakukudanganya," Renita aliendelea. "Kesi yako haijawahi kuwa kwake. Iko upande wa pili wa barabara, haijaguswa."

Cortez alivuta kiti akaketi. Ndipo alipomtaja Deon. Deon alikamatwa majuma machache kabla yake, hatua chache kutoka pale pale, ila upande wa mji. Bangi ilikuwa kiasi kilekile. Deon alilipa faini kama mtu aliyeegesha gari vibaya, akarudi kazini. Leo Deon anaendesha basi la shule.

"Ndiyo hayo," alisema Renita. "Kosa moja, barabara moja, adhabu mbili. Wewe umekuwa ukijilaumu kwamba ulifanya jambo baya kuliko Deon. Hukufanya. Ulivuka barabara tu."

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa Bellamy ulikata upande mmoja, na kwa miaka kumi na mmoja Cortez alidhani ubaya ulikuwa wake.

Kisha Renita akawaeleza, taratibu, kama anavyoeleza mtu anayejua kwamba anayesikiliza amechoka. Rekodi haijifuti baada ya miaka saba. Hayo ni maneno ya saluni. Na sheria mpya iliposema bangi ni halali, iliagiza pia kesi za zamani za bangi zifutwe, hata kama kosa lilikuwa kubwa, ilimradi bangi haikuwa nyingi kupita kiasi kilichowekwa, hakuna aliyeumizwa, haikuuzwa kwa mtoto, na mtu hakuwa anaendesha gari amelewa. Mahakama zinapaswa kufuta zenyewe. Lakini mafaili ya zamani ni ya karatasi, mengi, na kila moja lazima lisomwe na binadamu. Lako likiwa chini ya rundo, unangoja. Usipotaka kungoja, unaomba litafutwe, na kuomba huko hakuhitaji pesa.

Odessa aliweka uma chini. Alikuwa mtu wa kusema lililo moyoni.

"Renita, mimi sheria hiyo niliipigia kura ya hapana."

"Najua, Bi Odessa. Ulitangaza kwenye kwaya."

"Na ningepiga tena. Leotis hakuanza na kokeini. Alianza na moshi. Sasa mnaniambia moshi ni halali, watoto wafanye nini?"

Watu wa meza ya pili waligeuka kusikiliza. Renita hakuudhika. Alisema duka lile la kona huomba kitambulisho, na asiyefika miaka ishirini na mmoja haruhusiwi kununua. Muuzaji wa kichochoroni hajawahi kumwomba mtoto kitambulisho. Alisema bangi si maziwa, ina madhara, hasa kwa ubongo wa kijana, na anayeendesha gari ameivuta bado ana kesi. Kuhalalisha si kusifu. Ni kusema kwamba jambo hili lisimamiwe kama pombe, na mgonjwa apelekwe kwa daktari badala ya rumande.

"Na Leotis," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "alihukumiwa kwa gramu ngapi?"

Odessa alijua. Familia nzima ilijua. "Sita. Ya mawe, ile ya kuvuta."

"Sheria ya shirikisho, ya nchi nzima, wakati ule ilisema gramu tano za kokeini ya mawe ni miaka mitano jela, si chini. Gramu tano ni kama kijiko cha sukari. Aliyekuwa na kokeini ya unga, ili apate miaka hiyohiyo, ilibidi awe na gramu mia tano. Dawa ni ileile, Bi Odessa. Ya mawe ilikuwa mitaani kwetu, watu wetu ndio walioshikwa nayo zaidi. Wamekuja kupunguza tofauti hiyo baadaye, lakini hadi leo hawajaifuta. Na kwa bangi, watu weusi na weupe huvuta karibu sawa, lakini weusi wamekuwa wakikamatwa zaidi ya mara tatu."

Leotis alitoka jela mwembamba, hakupona, akafa. Miaka yote Odessa alisema dawa ndiyo iliyomuua. Hakuwahi kujiuliza ni kiasi gani cha kaka yake kiliuawa na adhabu.

"Jela ilimtibu?" Renita aliuliza.

"Hapana," alisema Odessa. "Hata kidogo."

Juma lililofuata Renita aliandika ombi, Cortez akatia sahihi. Karani wa mahakama ya kaunti alikuwa kijana mwenye mafua aliyewaambia wazi kwamba faili la mwaka ule liko chini, na atalitafuta. Hakufanya miujiza, alitafuta tu, na alilipata. Siku ya kwenda kwa jaji, Odessa alikataa kubaki nyumbani. Alipanda ngazi za mahakama moja moja na fremu yake, Cortez nyuma yake kama ukuta. Alisema alimwacha aingie peke yake mara ya kwanza, na haitatokea tena.

Jaji alisoma. Aliuliza maswali mawili, Renita akajibu. Mwendesha mashtaka hakupinga. Kisha jaji akasema kesi imefutwa, na kwamba kwa macho ya sheria Bwana Rayford ahesabiwe kana kwamba haikuwahi kutokea. Lilikuwa jambo la dakika chache. Cortez aliendelea kusimama hadi Renita akamgusa kiwiko kumwonyesha kwamba yamekwisha.

Nje, Renita aliwapa maagizo ya mwisho, maana kazi haimaliziki kwa jaji. Alisema wachukue nakala ya amri yenye muhuri waipeleke ofisi ya nyumba wenyewe, wasingoje habari ziende zenyewe. Kampuni zinazochunguza majina ya watu huwa na habari za zamani, na lazima ziambiwe zirekebishe. Kisha akamgeukia Cortez.

"Jambo moja. Jengo la mama yako linaendeshwa kwa pesa za serikali ya shirikisho, na kwa shirikisho bangi bado ni marufuku. Hata kipande kimoja kisionekane humo ndani. Wasije wakamtoa mama kwa ajili yako."

"Siku hizi sivuti," alisema Cortez. "Maumivu ya mgongo niliyopewa na kochi lile yananitosha."

"Havuti," alisema Odessa. "Na akivuta nitajua kabla ya serikali."

Meneja aliisoma amri akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. Ofisi ilichunguza jina la Cortez mara ya tatu. Zilibaki siku chache Aprili iishe meneja alipopanda ghorofani na ufunguo wa pili mkononi. Alisema amefurahi, na ilionekana kweli amefurahi. Odessa alimpa chombo cha tambi aende nacho.

Jumamosi Cortez aliingia na sanduku lake. Badala ya kochi kulikuwa na kitanda, cha mtumba, kirefu. Odessa alisikia droo ikifunguliwa, kisha ya pili, na nguo zikiwekwa ndani. Aliketi jikoni akasikiliza hadi droo ya mwisho ikafungwa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisani kwao, kabla ya mahubiri, kuna wakati wa ushuhuda, na mwenye neno husimama. Odessa alisimama. Ilichukua muda, fremu ililia sakafuni, na Cortez alipotaka kumsaidia alimpiga kofi dogo mkononi. Wengi walijua alivyopiga kura ile, basi walikaa sawa kusikiliza.

"Mnanijua," alisema. "Bangi siipendi. Sijaipenda leo, na kijana atakayeniletea harufu yake ataniona. Lakini nimejifunza kwamba naweza kuchukia kitu bila kutaka mtoto wa mtu afungiwe milango maisha yote kwa ajili yake. Kuna watu humu ndani wana kesi kama ya mwanangu na wanaficha. Msifiche. Renita yuko mlango wa nyuma. Mwambieni mlikuwa upande gani wa barabara."

Alipumua. Alimtazama mwanawe, mkubwa kama mlango, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Mwaka ule nilimwambia akubali kosa ili aje nyumbani siku ileile," alisema Odessa. "Amefika jana."